Roketi Iliyopita Nyumbani Bila Kusimama

Habari ya kifo cha Mama Bahati ilinikuta juu ya paa la watu, hapa Songo, mtaa wa Uvira, nikifunga plake za umeme wa jua, na Mungu anisamehe, wa kwanza kunijia akilini hakuwa marehemu, alikuwa mwanawe. Bahati angerudi kutoka Lubumbashi kumzika mama yake, nami ningelazimika kumpa mkono. Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa nimefaulu kutompa. Kazi ya paa lile niliimaliza kesho yake, kisha siku ya tatu ya matanga nikavaa kitenge changu kizuri nikateremka Mulongwe kwa miguu, polepole, nikizunguka njia ndefu bila sababu. Watu wanaonijua leo hudhani mambo ya michezo ya kompyuta nimekwisha kuyasahau, tena wengine hucheka nikiyataja. Wengine huumizwa na mume, wengine na shamba la urithi. Mimi niliumizwa na mchezo, na bado unaniuma.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa na diploma ya hesabu na fizikia iliyolala ndani ya bahasha, na nyumbani mazungumzo yalikuwa ya posa. Sitayasimulia hayo, kila nyumba inayo yake. Siku moja nilipeleka diploma ile ikatolewe kopi kwa Yaya Deo, fundi wa kompyuta, tuliyemwita Yaya kwa sababu alitutangulia kuzaliwa, si kwa undugu. Chumba chake kilikuwa cha matofali mabichi na bati, chenye pazia la kitenge mlangoni la kuzuia vumbi, na betri kubwa zimepangwa chini ya meza ambazo ulipaswa kuzikumbuka kila unaponyoosha miguu. Dirishani ziwa lilionekana kipande tu, upana wa kiganja, kati ya mapaa mawili. Kulikuwa na masini mbili, yaani kompyuta, kubwa na ndogo. Kwenye ile kubwa roketi ilikuwa inapanda. Ikayumba, ikageuka kichwa chini, ikalipuka, na vijana watatu waliokaa kwenye benchi wakashika vichwa. Nilicheka. Mmoja wao, mrefu, mwenye daftari la mraba juu ya goti, akaniuliza kama ninajua kwa nini imeanguka au ninajua kucheka tu. Nikamwambia uzito wote wameuweka chini na mabawa wameyaweka juu, hata mshale ukitengenezwa hivyo utageuka. Akafuta kitu daftarini, akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi. Huyo alikuwa Bahati. Kopi ya diploma niliisahau mezani kwa wiki mbili.

Chumba kile kiliishi kwa jua. Umeme wa mji ulikuja ulipotaka wenyewe, kwa hiyo Yaya Deo alitegemea plake nne juu ya paa, na kila asubuhi mmoja wetu alipanda na kitambaa chenye maji kuzifuta vumbi. Kuanzia saa nne hadi saa nane mchana masini kubwa iliweza kuwaka bila kuzimika. Hizo tuliziita saa za jua. Kabla na baada yake kulikuwa na masini ndogo, nzee, iliyofikiri polepole kama mtu aliyeshiba maharage. Wote tulizitaka saa za jua, na ugomvi ulianzia hapo. Mji wetu una makabila yake na magomvi yake, lakini mle ndani makabila yalikuwa mawili tu, Fize na Galaksi. Michezo yote miwili ilikuwa ya anga, yote miwili ililetwa kwenye flashi ikiwa na majina ya Kiingereza ambayo hakuna aliyejisumbua kuyatamka. Katika Fize, neno la Kifaransa la roketi tulilolipindua, ulijenga roketi mwenyewe, kipande kwa kipande, na ukikosea hesabu ilianguka. Katika Galaksi ulipewa chombo kizuri, ukakielekeza kwenye nyota, kikaenda, ukapigana huko na maadui, na ukiuawa ulizaliwa upya palepale. Mkubwa wa Galaksi aliitwa Pasifiki, kijana wa sauti nene na viatu safi, ambaye jina lake la amani halikumsaidia kitu.

Tulitukanana vizuri. Sisi tuliwaita watu wa teksi. Wao walituita walimu bila mshahara, na katika nchi yetu kila mtu anaelewa hiyo. Tuliwaambia kwamba huko juu hakuna hewa, sasa hizo kelele za injini wanazozisikia zinapita wapi. Pasifiki alijibu kwamba pasipo kelele hapana furaha, na kwamba sisi tunaweza kwenda kunyamaza kanisani. Kuhusu kufa na kuzaliwa upya, mimi ndiye niliyewatungia neno lililowauma kuliko yote. Nilisema, "Kwenu kila siku iko Pasaka." Chumba kizima kilicheka, hata Yaya Deo, na ili neno langu lipate uzito nikachukua chaki nikaandika ukutani juu ya benchi letu: HATURUDI NYUMA. Ikawa sheria ya Fize. Ukikosea, umekosea, roketi ikifa, imekufa. Kopi ya safari tuliiweka kwenye flashi kwa ajili ya umeme kukatika tu, na ili asiwepo wa kujaribiwa, tuliamua kwamba anayeendesha hashiki flashi. Mimi niliendesha. Flashi alishika Bahati.

Bahati ndiye aliyekuwa akili ya hesabu, na ninalisema hilo leo kama nilivyolisema wakati ule. Mimi niliona kwa macho, yeye aliona kwa namba. Saa za jua zikiisha tulikwenda kwao Mulongwe, mimi na yeye na wale ndugu wawili wa Kavimvira waliokamilisha kundi letu, tukakaa kwenye mkeka katika ukumbi wa mama yake na daftari katikati. Mama Bahati alipika sombe, majani ya muhogo yenye mawese mengi, na ndagala wakavu, na bugali aliukata kwa uzi kama sabuni. Alitusikiliza kutoka jikoni. Tulibishana juu ya sayari ya mwisho kabisa, ile ya barafu, kwamba inafikika, kwamba haifikiki, na yeye alikuja na sufuria akasimama juu yetu. "Mule kwanza," alisema. "Huko juu hakuna bugali." Baadaye tulimsikia akimweleza jirani juu ya ukuta kwamba watoto wake wanakwenda mbali sana kwa roketi, na kwamba hii si kama ya wale wengine, hii ni ya hesabu. Alisema watoto wake, na mimi nilikuwa mmoja. Nyumba ile ilinuka mawese na matope, maana kila mvua kubwa mto uliingia uani, na bado sijakula mahali pengine nikajisikia nimefika vile.

Roketi yetu tuliiita Mukeke, kwa sababu ilikuwa nyembamba kama samaki wa ziwa letu mwenye jina hilo. Iliondoka mwezi wa kumi na moja na watu watatu wadogo ndani yake. Wenye masini nzuri wangeharakisha saa za mchezo na kufika siku ileile. Yetu ukiiharakishia saa iliganda, kwa hiyo tulisafiri kwa mwendo wa kweli wa masini maskini, saa chache kila siku ya zamu yetu, siku za mawingu tukikaa tu. Tulifika kwenye barafu mwezi wa pili. Kuna mtu aliyelia, na ninaomba nisimtaje kwa kuwa ni mimi. Ilibaki kurudi. Bahati alifanya hesabu ya kurudi kwa siku nne kwenye mkeka ule, kisha akaweka kalamu chini akasema, "Mafuta inabakia ya kusimama mara moja tu. Tukikosa hapo, tunapita." Maana yake ilikuwa rahisi: Mukeke ikifika karibu na nyumbani itawasha injini mara moja, itapunguza mwendo, itaingia kwenye hewa na kushuka kwa miavuli. Bila mafuta hayo itapita kando ya nyumbani na kuendelea.

Ilikuwa katika siku hizo Yaya Deo alipotutangazia kwamba baada ya Pasaka anapanda Lemera kwa miezi mingi kuwafungia watu wa milimani plake. Alihitaji mtu wa kushika ufunguo wa chumba, kupokea kazi, kujifunza ufundi, na kesho yake kuwa fundi. Kila mtu alijua kwamba ni mimi au Pasifiki. Yaya Deo aliogopa kuchagua, maana angechagua mmoja angewapoteza wateja wa mwingine. "Minye sitachagua," alisema. "Mutaonyesha batu." Jumatatu ya Pasaka watu wa mtaa wataingia, Galaksi wataonyesha walichonacho, Fize tutaonyesha tulichonacho, na watakaopigiwa makofi zaidi, mkubwa wao atapewa ufunguo. Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Mwanamke kushika ufunguo wa chumba cha masini Uvira, wakati ule, lilikuwa jambo la kusimamisha watu barabarani. Tena kwangu ulikuwa mlango wa kutoka: aliye na kazi anaweza kuiambia posa ingoje. Nilimwambia Bahati hayo yote, sikumficha hata moja. Alisikiliza, akasema Mukeke itashuka.

Nimejiuliza mara nyingi kama kulikuwa na dalili. Ilikuwepo moja. Alasiri moja nilikuwa nje ninakunja kitambaa cha plake nikasikia ndani Pasifiki akimwambia Bahati, bila ukali, karibu kwa huruma, "Unamubebea kaye kama mutoto wa masomo. Akipata ufunguo, weye utakuwa nani?" Vijana wa Galaksi walicheka. Nami kule nje nilicheka pia, kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli kwamba alinibebea daftari, na kwa sababu sikuona ubaya wake. Pazia lilikuwa wazi. Sijui kama aliniona. Nilipoingia alikuwa anachonga kalamu.

Jumatatu ilikuja na jua kali, jua la kutosha hata kuchemsha chai. Watu walijaa mpaka mlangoni, na Mama Bahati alikaa mbele akiwa na kitenge cha sikukuu na beseni la mandazi aliyotugawia sote, hata Galaksi. Pasifiki alianza. Alipigana na meli kumi, akafa mara mbili, akazaliwa mara mbili, spika zikapiga kelele na watoto wakaruka. Makofi yalikuwa mengi, sitamnyima haki yake. Kisha nikakaa mimi. Nilieleza kwamba hii imetoka miezi mitano, kwamba watatu hawa wanarudi nyumbani, na kwamba watazamaji wataona dunia yao ikikua. Na kweli ikakua, kwanza punje, kisha chungwa, kisha ikajaza kioo kizima, ya bluu. Watu wakapiga makofi. Mama Bahati alisimama akapiga vigelegele, alidhani tumefika, akachukua beseni lake akatoka kuwahi wageni wake wa sikukuu, akimwambia kila aliyepishana naye mlangoni kwamba watoto wake wamerudi.

Nilielekeza Mukeke nyuma, nikawasha injini, na hakuna kilichowaka. Nikatazama tangi. Sifuri. Nilidhani ninasoma vibaya. Ijumaa Kuu nilikuwa nimeiacha ikiwa na mafuta yale ya kusimama mara moja. Ile dunia ya bluu ilianza kusogea kando ya kioo, kisha ikaanza kupungua, ikawa chungwa tena. Mzee mmoja nyuma aliuliza kwa upole inaenda wapi. Nilimgeukia Bahati nikamwambia, "Leta flashi."

Alitazama daftari lake. "Siko nayo," alisema. "Nimeiacha ku nyumba."

Nyumba yao ilikuwa mwendo wa nusu saa. Nilisema tungoje, aende mbio, jua bado lipo. Hapo Pasifiki aliinua kidole chake taratibu akaonyesha ukuta, maandishi yangu, mkono wangu, chaki yangu. "Hata kama iko nayo," alisema, "si weye njo uliandika?" Watu walisoma. Kulikuwa na kicheko, kisha kicheko kikubwa zaidi, na mmoja akasema Pasaka imewashinda. Ningeweza kubishana. Ningeweza kusema sheria ni ya makosa na hili si kosa. Lakini nilikuwa nimejivunia maneno yale mwaka mzima mbele ya watu walewale, na kiburi kilinizuia. Nikazima masini kwa utaratibu wake, kama tulivyofundishwa, na Yaya Deo, bila kuniangalia, akampa Pasifiki ufunguo.

Yaliyobaki niliyajua kesho yake. Mmoja wa wale ndugu wa Kavimvira alinijia na uso wa mtu mgonjwa. Jumamosi Takatifu, wengi wakiwa kanisani, alimkuta Bahati peke yake kwenye masini kubwa akiwasha injini ya Mukeke, mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma kidogo. Alidhani nimemtuma. Nilielewa mara moja. Mafuta yakichomwa upande mmoja njia inapinda, na mimi ningeona. Ukiyachoma huku na huku kwa kipimo sawa, njia inabaki ileile na tangi linakauka. Hakuna mwingine katika mji huu aliyeweza kuifanya hesabu hiyo. Ilikuwa hesabu nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na aliifanya dhidi yangu, kwenye daftari ambalo kurasa zake nyingine nilizijua kwa moyo. Nilikwenda chumbani saa tano, saa ya jua. Bahati alikuwa amekaa kwenye masini kubwa, bega kwa bega na Pasifiki, na kamba ya ufunguo wa pili shingoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawakuambii kwamba siku ukikiona, wa kuona aibu ni wewe, si chenyewe. Nilimwuliza swali moja, kwa nini. Hakugeuka. "Iko muchezo tu, Neema," alisema.

Sikurudi tena. Fize ilikufa mwezi uleule. Wale ndugu walikwenda zao. Ufundi nilijifunza Kiliba, kwa mtu mwingine, baada ya miaka mitatu ambayo sitaki kuisimulia hapa. Mama Bahati alituma mtu mara mbili kuuliza kwa nini siji kula. Nilijibu nina kazi. Ningemwambia nini? Nilimpenda, na mwanawe alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo nilimpoteza yeye pia, na hiyo ndiyo hasara ninayoihesabu kuwa kubwa, zaidi ya ufunguo.

Haya yote nilitembea nayo mpaka Mulongwe. Uani viti vya plastiki vilikuwa vimejaa, chai inapita. Bahati amenenepa, amepata kipara, ana mke mpole na wakwe waliokuja naye kutoka mbali. Alinipa mkono kwa mikono miwili, nami nikampa wangu kama nilivyojiandaa. Nilikaa upande wa wanawake. Watu walikuwa wanamsimulia marehemu, kila mmoja na chake, na zamu ilipomfikia Bahati akaanza kueleza jinsi mama yake alivyowalisha vijana waliokuwa wanacheza mchezo wa roketi. Alieleza vizuri, mkeka, uzi wa bugali, yote. Kisha akaeleza Jumatatu ya Pasaka. Nikasikia kwamba roketi ilirudi. Nikasikia kwamba iliwasha injini, ikaingia kwenye hewa, ikashuka na miavuli mitatu, na watu wa mtaa wakalia. Akasema mama yake aliisimulia habari hiyo mpaka juzi, hata kitandani, kwamba mwanawe aliwarudisha watu watatu kutoka mwisho wa anga. "Neema njo huyu hapa," aliwaambia wakwe zake. "Mama alikuwaka anasema alitukimbia juu ya wivu. Lakini alikuwa anamuombea kila siku."

Wanawake wote waligeuka kunitazama, wema kabisa. Mzee mkwe akaniuliza kama ni kweli ilishuka.

Nilimtazama Bahati. Alikuwa na macho yaleyale ya siku ya flashi, yanayoangalia mahali pengine. Hasira iliyonipanda ilikuwa mpya kama ya jana. Miaka kumi na mitatu yule mama amekula chakula chake akiamini mimi ni mtu wa wivu, na aliyemwachia imani hiyo ameketi hapa anapokea pole. Neno moja langu lingetosha. Lakini neno hilo lingempita Bahati na kumfikia mwingine, aliyekwisha kulala kaburini, ambaye uongo huu aliubeba mdomoni kwa furaha yake yote na hakujua kuwa ni uongo.

"Ndiyo," nilisema. "Ilishuka. Mama Bahati alikuwa pale, alipiga vigelegele."

Watu wakaitika kwa huruma, mke wa Bahati akajifuta macho. Yeye mwenyewe aliinuka, akapita kati ya viti mpaka nilipo, akainama akanishika mkono. Alikuwa analia kweli. Alininong'oneza asante, kwamba alijua nimekwisha kumsamehe.

"Nimemujibia mama yako," nilimwambia sikioni. "Weye sijakujibia."

Nikauchomoa mkono wangu, nikaenda nyuma ya nyumba kuwasaidia wanawake kuosha sahani.